Mbuzi wa Kisiwani

Katika bwawa moja la Mto Tana, kule Mbeere, kuna kisiwa kidogo. Hakina fisi wala mwizi. Kwa hivyo kila kiangazi Peninah alivusha mbuzi wake kwa mtumbwi, akawaacha huko. Walinenepa sana. Watu walisema beberu wake akipiga chafya, mawimbi yanafika Embu mjini.

Lakini mumewe Njue, mvuvi, alianza kurudi na nyavu tupu. Alilaumu mamba, akalaumu mwezi, akalaumu hata shemeji zake. Binti yao Igoki alilala na njaa mara nyingi.

Jirani yao Gichovi alikuja kuwaona. Yeye na wenzake walijitolea kutunza kisiwa kile. Walipanda matete na miti ya kienyeji. Mbuzi wakala yote. Gichovi alipolalamika, Peninah alimjibu kwa mzaha kwamba wangepanda mapema zaidi, maana mbuzi wake wana njaa.

Gichovi hakucheka.

"Mama Igoki, samaki wadogo hujificha kwenye matete. Ndege hutaga humo. Mizizi ndiyo inashika udongo. Sasa kisiwa kiko uchi. Mvua ikija, udongo utaenda na maji."

"Na mbuzi niwalishe nini? Mawe?"

Gichovi alimwonyesha rundo la makapi ya ndengu pembeni mwa shamba. Kila mavuno Peninah aliyachoma. Gichovi alimweleza ayaweke pakavu, achanganye na majani ya mbaazi, awalishe mbuzi zizini.

Peninah alisema atafikiria.

Mvua ilianza milimani. Maji ya bwawa yakapanda, mekundu. Kutoka ufukoni Peninah aliona ukingo wa kisiwa ukimeguka, kipande baada ya kipande, na mbuzi wakijibana juu. Gichovi, Njue na wenzao waliingia mitumbwini. Waliwafunga mbuzi miguu, wakawabeba. Beberu alipanda mwisho. Mbuzi mmoja mwenye mimba alienda na udongo.

Makapi yale, aliyokuwa hajayachoma bado, yaliokoa mbuzi waliobaki. Peninah akajiunga na kikundi cha Gichovi, akapanda matete kwa mikono yake. Mwaka uliofuata ndege walirudi, na Njue akaleta samaki nyumbani.

Kiangazi kilipoingia, jirani mwingine, Muriithi, alifika ufukoni na mbuzi wake. Peninah akasimama mbele ya mtumbwi.

"Na niwalishe nini?" Muriithi akauliza. "Mawe?"

Peninah alitazama moshi wa makapi uliokuwa ukipanda shambani kwa Muriithi.

"Zima kwanza ule moto," akasema.