Aliyeita Ukingoni mwa Epulu

Asubuhi waliyoondoka Bunia ilikuwa asubuhi ya vicheko. Vita vilikuwa vimenyamaza. Havikuwa vimekwisha, vilinyamaza tu, kama mgonjwa aliyepitiwa na usingizi. Malori yalikuwa yameanza tena kwenda Mambasa, na Nicolas, aliyeongoza vijana wa parokia, alisema wakati umefika wa kuuona msitu bila kukimbia. Wangepanda lori hadi Mambasa, watembee kwa miguu hadi kambi ya wavuvi kule juu ya mto Epulu, kisha wangeteremka na mitumbwi siku kadhaa, hadi kituo cha kuhifadhi okapi, mnyama wa msitu huo.

Ornella wa mtaa wa Shari alikuwa wa kwanza kutoa jina lake. Mama yake, Godelive, alimfungia kwanga, mkate wa muhogo, kwenye majani bila kumtazama usoni.

"Pori ile ilisha kula mutoto wangu moja," alisema. "Haijashiba?"

Mtoto huyo alikuwa Fiacre, kitinda mimba wake. Miaka mingi kabla ya safari hii, Bunia ilipowaka kwa vita, walikimbilia Komanda, wakasukumwa mbele zaidi hadi msituni, na risasi zilipolia kila mtu akashika njia yake. Baadaye wote walionekana, mmoja mmoja, wamekonda, wamevimba miguu. Fiacre hakuonekana. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Majirani walipotaka kufanya matanga, Godelive aliwafukuza uani: hawezi kumlilia mtu ambaye hajaona maiti yake. Kwa hiyo nyumba ile haikulia, wala haikucheka.

Safari ya miguu ilikwenda vizuri. Waliimba, walichubuka visigino, walitaniana. Kambini wakampata Assani, mvuvi mzee wa maneno machache, ambaye angewateremsha mtoni. Ornella alikaa katika mtumbwi wake, pamoja na Nicolas na rafiki yake Débora. Mtumbwi wa pili uliwafuata nyuma.

Ilikuwa mchana mweupe, jua limesimama juu ya maji, ndipo walipoisikia.

"Yaya!"

Sauti ilitoka ukingo wa kushoto, nyuma ya majani.

"Yaya Ornella! Uningoje!"

Kasia la Nicolas lilisimama hewani. Débora alifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyemwita Ornella yaya, dada mkubwa, kwa namna ile, akivuta neno mwishoni kama anayebembeleza, isipokuwa mtu mmoja duniani.

"Ni Fiacre," alinong'ona. "Ni mudogo wangu."

"Usiitike," Assani alisema, bila kuacha kupiga kasia.

"Muzee, na kama iko muzima?" Nicolas aliuliza. "Batu banatokaka pori mpaka leo. Tusimamishe pirogi, tumutwae!"

Sauti ilikuwa inawafuata. Waliyasikia matawi yakivunjika, mtu akikimbia sambamba nao, akihema. Ornella alikwisha kusimama, mtumbwi ukayumba, mdomo wake ukafunguka.

Assani alimshika upindo wa kitenge.

"Mudogo yako alipotea na miaka ngapi?"

"Treize ans. Kumi na tatu."

"Na leo angekuwa na ngapi?"

Ornella alisikiliza.

"Yaya! Minachoka!"

Ilikuwa sauti ya mtoto. Nyembamba, haijavunjika bado. Ile ile ya mwaka ule.

Mbele kidogo, kijito kipana kilimwagika mtoni kutoka upande huo huo wa kushoto. Wote walikitazama. Mtu anayekimbia ukingoni angelazimika kuogelea. Hawakusikia mruko. Maji ya kijito yalilala kimya kama mafuta. Na hatua zikaendelea upande wa pili.

Hapo Ornella alikaa chini, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti iliita, ikaita. Ikawa ya kulia. Ikawa ya kwikwi tu. Débora alimkumbatia rafiki yake, naye akalia, maana kila mmoja mtumbwini alikuwa na wa kwake aliyebaki msituni.

Kisha wakasikia ngurumo ya maporomoko.

Kila mtumbwi lazima ushushwe pale. Upande wa kulia ni mwamba mtupu. Njia ya kupita kwa miguu ni moja, na iko kushoto.

"Musigeuke," Assani alinong'ona. "Musiseme kitu. Akikosa wa kumuitika, hawezi kufuata mutu."

Wanaume waliburuta mitumbwi juu ya magogo. Wanawake walibeba mizigo. Ornella alitwikwa sufuria, akaishikilia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukining'inia. Aliingia kwenye kivuli. Ndege walikuwa wamenyamaza. Hatua moja. Nyingine. Nyuma yake, majani yalisogea.

Mkono mdogo ukaingia katika mkono wake.

Ulikuwa baridi. Ulikuwa umelowa. Vidole vilijipenyeza kati ya vidole vyake, taratibu, kama vinaomba ruhusa.

Hakugeuka. Hakusema. Lakini hakuutupa. Aliufunga mkono wake juu ya ule mwingine, akaenda nao, machozi yakimtiririka hadi shingoni, wala hakutamani njia ile ifike mwisho.

Ilifika. Mtumbwi ulikuwa tayari majini, na Assani alimtazama, akautazama mkono wake uliofumba hewa, akainamisha kichwa.

"Mama," alisema polepole, "umuachilie."

Ornella alifungua vidole. Vile vingine havikufunguka. Akavibandua kimoja kimoja, yeye mwenyewe, kama vile wanavyobanduliwa watoto wasiotaka kubaki shuleni. Alipopanda mtumbwini, ukingo ulikuwa kimya. Hakuna aliyeita tena, mpaka walipofika kituo cha okapi.

Alipofika Shari, mama yake alitoka mlangoni kumpokea. Alimshika mkono wa kulia, na salamu ikamkatikia mdomoni. Aliugeuzageuza ule mkono. Akaunusa. Akakaa chini pale pale, mavumbini.

"Alikuita?"

"Aliniita, mama."

"Ukamuitika?"

"Hapana."

Godelive alipiga yowe ambalo mtaa wote ulilisikia. Majirani walikuja na mikeka, bila kuitwa. Baada ya miaka yote ile, hatimaye ile nyumba ikalia.

Mkono ule haujapata joto hadi leo. Ornella ameuweka karibu na mbabula yenye makaa, ameusugua mafuta, padri ameuombea. Uko baridi, na kati ya vidole hauishi kulowa. Jioni, kazi zikiisha, Godelive huleta kiti chake karibu.

"Unipatie yeye," husema.

Ornella humpa mkono. Mama huulaza mapajani, akaupapasa, akainama na kuuliza kwa sauti ya chini, "Ulikula?"

Na vidole vya Ornella, bila yeye kuvikunja, hujifunga polepole kwenye kidole gumba cha mama yake.