Bwawa la Mzee Romwaldi

Siku ya kwanza walishika koti moja. Ilikuwa Jumamosi ya Juni, baridi ya Songea imeingia hadi kwenye mifupa, na watu sokoni wanafukua marundo ya mitumba kama kuku. Ludovika alishika mkono wa kushoto wa koti la kijani. Mwanaume mrefu mwenye sweta la kahawia alishika mkono wa kulia. Kifuani mwake ilining'inia darubini.

"Hilo la kiume, dada."

"Baridi haiulizi kiume wala kike."

Majidi, muuzaji wa mitumba ile, akawashauri walichukue wote wawili na wahamie nyumba moja. Kisha akaitazama ile darubini na kumuuliza mwanaume kama ni mpima ardhi, maana kwao Namtumbo watu wa namna hiyo wakipita, wazee hawalali. Yule akajibu kwamba anaitwa Polikarp, mwalimu wa baiolojia, mtu wa Sumbawanga, na hapimi chochote. Anatazama ndege. Hasa bata wa porini, kwa sababu wanafanana mno na wanamnyima usingizi.

Ludovika alicheka, na kicheko chake kikamshtua mwenyewe. Kitambaa cheusi kilikuwa bado kichwani. Baba yake, Mzee Romwaldi, alikuwa amezikwa Februari.

Akamwachia koti, naye akamwachia namba ya simu.

Ludovika alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi karibu na stendi. Polikarp akaanza kuleta mitihani yake, karatasi moja moja.

"Mwalimu, kwani una mwanafunzi mmoja?"

"Ninao arobaini. Nimebakiza safari thelathini na tisa."

Safari hazikufika kumi kabla hawajaanza kupigiana simu kila jioni. Alimwita Ludo, naye akamwita Mzee wa Bata. Hata hivyo Ludovika hakutulia. Alipokuwa na Polikarp alihisi amemwacha baba peke yake, na alipokuwa Maposeni kwa mama, mkono ulikwenda kwenye simu kila dakika.

Shambani kwao Maposeni kulikuwa na bwawa alilolichimba Mzee Romwaldi kwa mikono yake. Njia ya kwenda majini aliipitisha makusudi katikati ya uwanja wa nyumba, ili kila anayekwenda apige hodi kwanza, hata awe ndugu. Nyavu hakutaka, wala mawe kwa bata. Sasa mwenyewe alilala ukingoni, chini ya tuta la udongo na msalaba wa mbao, akisubiri kujengewa kaburi.

Agosti Ludovika alimpeleka Polikarp. Mama yake, Esteria, aliitazama darubini kwa muda mrefu.

"Ni mtu wangu, mama," Ludovika akasema. "Namdhamini."

Hakuwahi kusema hivyo juu ya mwanaume yeyote. Mama akawapisha.

Kwenye matete alielea bata mmoja mweusimweusi, mdomo wa buluu. Polikarp akaanza kunong'ona kwa haraka. Kuna bata wawili wenye mdomo kama ule, akaeleza. Mmoja ni wa kawaida, ana macho mekundu na mstari mweupe bawani. Mwingine husimamisha mkia mgumu kama mwiko, naye ni adimu. Katika kundi lao la watazamaji ndege hakuna aliyewahi kumpata Songea.

"Na huyu ameusimamisha, Ludo. Umeona?"

"Anajikausha tu. Hawa nimekua nao. Subiri aruke, utauona weupe."

Hakusubiri. Usiku ule alituma picha kwenye kundi, na chini ya picha akaweka ramani ya mahali.

Jumamosi iliyofuata Polikarp alikuwa akisimamia mitihani. Watu sita walikuja na Noah mbili, wakatokea upande wa bondeni na kukata waya wa uzio. Mama Esteria alisikia mabawa yakipasuka majini, akatoka mbio na kanga moja. Aliwakuta wameelekeza kamera juu. Mabegi yao walikuwa wameyarundika kwenye tuta la Mzee Romwaldi, na msalaba umelala.

Bata waliporuka, kila mmoja alikuwa na mstari mweupe bawani.

Mama hakugombana na Ludovika. Alisema neno moja tu: "Ulimdhamini." Basi.

Polikarp alipopiga simu jioni, Ludovika alipokea mara moja.

"Nani aliwaelekeza?"

"Mimi. Sikufikiri kama..."

"Nilikuingiza kwa baba yangu, Polikarp. Wewe ukagawa njia."

Akakata. Simu ikaita siku tisa, kisha ikanyamaza, na ukimya ukawa mbaya kuliko mlio. Dukani alitoa kopi juu chini. Kitandani aligeukageuka kama chapati.

Mwenye duka, Violeth, ambaye shemeji yake alikuwa kwenye lile kundi, ndiye aliyemwonyesha ujumbe. Polikarp alikuwa ameandika kwamba bata wake alikuwa wa kawaida, kwamba aliambiwa hivyo na mwenyeji akakaidi, kwamba alitangaza shamba la watu bila ruhusa, na kwamba mahali pale pana kaburi, asiende mtu. Wajuaji walimcheka siku mbili nzima. Hakufuta.

Jumamosi mbili Polikarp alisimama barabarani Maposeni akapiga hodi. Mama hakuitika, naye akaondoka. Waya wa bondeni ulikuwa bado umekatika, mtu angeweza kupita kama mbuzi. Hakupita. Ludovika alimchungulia dirishani, akamwona amevaa lile koti la kijani, akaumia.

Ya tatu mama aliitika. "Karibu. Darubini hiyo itundike mlangoni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kushika jembe?"

Alimpeleka kaburini. Polikarp aliinua udongo uliokanyagwa, akaliweka tuta sawa, akausimamisha msalaba na kuushindilia kwa mawe. Kutwa nzima hakutazama majini. Jioni mama akampa ugali, naye alipomaliza akaomba msamaha kwa maneno machache. Mama akasema amesikia.

Ludovika alimsindikiza hadi barabarani.

"Nataka kukuoa, Ludo."

"Mama hapokei habari hizo kwa mwenye shida. Tafuta mshenga."

"Huku sina ndugu."

"Sumbawanga hakuna mabasi?"

Akatoa simu hapo hapo, akampigia baba yake mkubwa, akamwamkia na kumwomba aje kumposea. Ludovika aliisikia sauti ya mzee ikiuliza binti ni nani, na kwao ni wapi. Polikarp akafunika simu kwa kiganja.

"Niseme?"

Ludovika alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu Februari hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Jina sema," akamwambia. "Njia nitamwonyesha mwenyewe."