Kuomba Radhi kwa Kiwanda

Basi la kiwanda lilipopiga honi barabarani, Salafai alikuwa bado anatafuta ndala ya pili.

"Iko chini ya mkeka," alisema mama mkwe wake, Leutu, bila kugeuka. Alikuwa anakuna nazi. "Kila siku ndala. Siku ya kufa utamwambia malaika akungoje kwanza utafute ndala."

"Mama, we niombee tu nisiachwe na basi."

Pelenato, mume wa Salafai, alicheka. Alikuwa amembeba binti yao Folole mabegani, kama kila asubuhi. Folole alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Salafai akienda kiwandani, baba mtu ndiye aliyebaki na mtoto. Alikwenda naye kwenye shamba la magimbi, akamketisha kivulini, akamwimbia nyimbo za kanisani huku analima. Wanaume wa kijiji walimtania, wakamwita Mama Folole. Pelenato aliitika.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Apia, mji wetu mkuu. Kilitengeneza nyaya za umeme za magari. Nyaya za kila rangi zilipangwa juu ya ubao, zikaunganishwa, zikafungwa kwa utepe, kisha zikapelekwa Australia kuwekwa kwenye magari mapya. Salafai aliifanya kazi hiyo tangu hajaolewa. Angeweza kufunga nyaya huku anamsengenya mtu, na vidole visikosee.

Sisi majirani tulimwonea wivu kidogo. Magimbi huugua. Kimbunga huangusha migomba yote kwa usiku mmoja. Lakini gari lazima liwe na nyaya. Ndivyo tulivyoamini hapa Samoa, na hatukuona haja ya kufikiri zaidi.

Siku moja mkuu wa kiwanda, Mwaustralia mmoja mrefu aitwaye Harwood, aliwakusanya wafanyakazi wote. Alisoma maneno kwenye karatasi, na dereva wake akatafsiri. Kiwanda kitafungwa Krismasi ya mwaka ujao. Kuanzia sasa hadi hapo, kila Jumamosi, kutakuwa na masomo ya umeme katika chuo cha ufundi. Kiwanda kitalipia. Anayetaka ajiandikishe.

Neno "kitafungwa" lilisikika vizuri sana. Yale ya masomo yaliwapita wengi wao.

Ndani ya basi, wakati wa kurudi, watu walitafuta sababu.

"Ni lile kasha la nyaya lililorudishwa kutoka Australia," alisema mama mmoja. "Wamekasirika."

Salafai aligeuzia uso dirishani. Lile kasha lilitoka kwenye ubao wake. Kulikuwa na nyaya zilizounganishwa vibaya. Alipofika nyumbani hakula.

"Mama, ni mimi," alimwambia Leutu, huku analia. "Nimewafukuzisha kazi watu wote wale."

Leutu alimwita mzee Lavasii, matai wa ukoo wao, yaani mkuu wa familia yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kosa likishajulikana halikaliwi. Tutakwenda kuomba radhi."

Kwetu, mtu akimkosea mwenzake sana, ndugu zake huamka alfajiri. Hukaa mbele ya nyumba ya aliyekosewa, vichwa chini, wamefunikwa mikeka mizuri kabisa ya ukoo. Hawasemi kitu. Mwenye nyumba akitoka na kuwafunua, basi yamekwisha. Hakuna atakayelitaja jambo hilo tena. Ni desturi nzuri. Imezuia damu nyingi kumwagika.

Jirani yao, mwalimu Tinei, aliposikia, alikuja mbio. Tinei alifundisha umeme katika kile chuo cha ufundi.

"Mzee, kwa heshima yako," alisema, "mnamwomba radhi mtu asiyekasirika. Wala si lile kasha. Australia wanaacha kuunda magari."

"Wanaacha?" Salafai alifuta machozi. "Halafu watapanda nini? Farasi?"

Watu wote walicheka, hata mzee Lavasii.

"Watapanda magari, dada. Yataundwa nchi nyingine, ambako gharama ni ndogo zaidi, yaletwe kwa meli. Huko yanakoundwa kuna viwanda vya nyaya tayari. Sasa hizi zetu tutaziweka kwenye gari gani?"

"Mwalimu, we na mambo yako ya redioni!"

"Haya, nicheke. Lakini njoo Jumamosi. Nafundisha mimi mwenyewe."

"Jumamosi nina kwaya, nina chakula cha Jumapili cha kuandaa, nina mama mkwe. Jumamosi gani hiyo?"

Walikwenda alfajiri. Leutu alitoa mkeka uliosukwa na mama yake mzazi, mwororo kama kitambaa, uliowekwa kwa ajili ya harusi ya Folole. Walikaa kwenye majani mbele ya nyumba ya Bwana Harwood, Salafai katikati, mkeka juu ya kichwa chake.

Bwana Harwood alitoka amevaa kaptula, kikombe cha chai mkononi. Aliduwaa. Dereva akamnong'oneza kwamba kuwaacha watu wakae hivyo ni kuwatukana. Basi akaweka kikombe chini, akaja, akauinua mkeka kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hamjakosa kitu," alisema. "Simlaumu mtu yeyote."

Dereva alitafsiri vilevile, neno kwa neno. Lakini Salafai alisikia alichotaka kusikia. Mkeka umeinuliwa. Radhi imekubaliwa. Basi kiwanda hakifungwi tena. Alirudi nyumbani anaimba. Nami simcheki, kwa sababu sisi sote tuliimba naye.

Jumamosi zikaanza kupita. Tinei alipita na pikipiki yake, akasimama barabarani.

"Dada Salafai! Nafasi yako bado ipo!"

"Mwalimu, mkeka ulishainuliwa!"

"Mkeka uliinuliwa na Harwood. Kiwanda si cha Harwood."

"Nenda, unachelewa!"

Baadhi ya wenzake walikwenda kusoma. Yeye aliwaona kama watu wasio na imani. Mwaka mzima ukaenda hivyo. Mashine zilianza kufungwa kwenye masanduku, naye alisema labda zinakwenda kutengenezwa.

Ijumaa ya mwisho, Salafai alimfuata Bwana Harwood mlangoni.

"Si ulitusamehe?" alimwuliza. "Kwa nini sasa unatufanyia hivi?"

Dereva alitafsiri kwa sauti ndogo. Bwana Harwood alimgeukia.

"Niliwasamehe nini, Salafai? Mimi mwenyewe kuanzia kesho sina kazi."

Hapo ndipo alipoelewa. Alikuwa amemwomba radhi mtu asiye na uwezo wa kumpa chochote.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Salafai aliomba kazi madukani, hotelini, bandarini. Kila mahali alikuta wenzake wa kiwandani wamesimama foleni. Pelenato alimwona mkewe anavyokonda. Bila kumwambia, akaenda kujiandikisha na watu wanaotafuta vibarua wa nje. Akapata kazi ya machinjio huko Australia, mkataba wa miaka mitatu.

"Miaka mitatu?" Salafai alisema. "Pele, mtoto huyu hajui usingizi bila wewe."

"Atajua. Watoto wanasahau."

Aliondoka. Folole alimtafuta shambani, kwenye magimbi, siku nyingi. Alilia mpaka akachoka kulia. Kisha, kama baba yake alivyosema, akasahau.

Ndipo Salafai alipokwenda mwenyewe kwa mwalimu Tinei. Alikaa sakafuni kibarazani, asijue pa kuanzia.

"Mwalimu, nicheke basi. Zamu yako."

"Sina kicheko, dada. Ngoja nikuulize. Waya ukiwa na joto kwenye kiungo, maana yake nini?"

"Kiungo kimelegea. Au waya ni mwembamba kuliko kazi yake."

"Na ukiona utepe umeanza kuyeyuka?"

"Unazima kwanza. Halafu unafuata waya mpaka unakotoka. Mwalimu, hayo si kila mtu anajua?"

"Thubutu! Mimi ninao vijana darasani mwaka wa pili hawajui. Sikiliza. Kiwanda kimeondoka, lakini hakikuondoka na vidole vyako. Serikali inaweka umeme wa jua vijijini, mashuleni, kwenye pampu za maji. Wanatafuta watu wanaojua nyaya. Wanataka tu cheti."

"Basi nije Jumamosi hii?"

Tinei alitikisa kichwa.

"Zile Jumamosi zililipiwa na kiwanda. Zimekwisha. Itabidi ungoje muhula mpya, halafu usome mwaka mzima. Wenzako waliosoma wakati ule wameshaajiriwa."

Salafai alihesabu kichwani. Kama angesoma wakati ule, angekuwa na kazi kabla Pelenato hajaondoka. Alijifunika uso kwa mikono, na Tinei akatazama upande mwingine.

"Nilidhani nimekosa," alisema mwishowe. "Mtu akikosa, anaomba radhi, mambo yanatengemaa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa."

"Hukukosa kitu. Ndiyo ubaya wa kazi za siku hizi, dada. Mtu anafanya kazi vizuri, na inaondoka vilevile, kwa sababu ya mahesabu ya watu wasiomjua hata jina. Huwezi kuwazuia. Lakini wakisema wanaondoka, waamini. Na muda wanaokupa, utumie."

Salafai alisoma. Alikaa darasani na vijana waliomwita mama, akawapita wote kwenye mtihani. Sasa yumo katika kikundi cha mafundi wa umeme wa jua. Anapanda mapaa ya shule na makanisa, Leutu akimpigia kelele kutoka chini kwamba ataanguka. Mshahara ni mzuri. Hata wale wasichana wa kijijini wanaojibu simu za maduka ya ng'ambo, kazi mpya ambayo kila mtu anaisifu, anawahimiza wajifunze ufundi.

"Wakiiondoa kesho, unajua kufanya nini kingine?" huwauliza.

"Lakini mama Salafai, simu haziwezi kuisha!"

"Njooni Jumamosi."

Baadhi yao wanakwenda. Tinei sasa ana madarasa mawili.

Lakini mkataba ni mkataba. Salafai alipopata kazi, Pelenato alikuwa bado na muda mrefu wa kukaa machinjioni. Akiuvunja, hataruhusiwa kuingia tena, na wenzake wa kijiji wataharibiwa jina. Akakaa mpaka mwisho.

Alirudi mwezi wa sita, mchana, siku moja kabla ya siku aliyotegemewa. Salafai alikuwa juu ya paa la shule ya kijiji cha pili. Leutu alikuwa jikoni. Pelenato alikuwa amenenepa, amefuga ndevu, amevaa viatu. Alisimama nje ya nyumba na sanduku lake.

Folole alimwona. Alikuwa msichana mkubwa sasa, mwenye adabu, bibi yake amemfunza vizuri. Hakukimbia. Alitandika mkeka wa wageni, akaketi amekunja miguu kama inavyotakiwa.

"Karibu, mheshimiwa," alisema. "Mama yuko kazini. Baba yuko kwenye simu tu, anakaa Australia. Keti, nikuletee maji."

Pelenato aliketi mahali pa mgeni. Folole alimletea maji, akampa kwa mikono miwili, akarudi akaketi. Kisha akauliza swali ambalo kila mgeni huulizwa.

"Mheshimiwa umetoka kijiji gani?"

Pelenato aliyatua maji chini bila kuyanywa. Mwishowe alilitaja jina la kijiji chetu.