Mdomo wa Wakili Sumari

Asubuhi moja ya enzi za Wajerumani, Abdulrahim alikaa kibarazani kwake, jirani na boma la Arusha, akichonga na kucheka peke yake. Ufundi huo alitoka nao Pangani: unachonga picha kwenye ubao, unapaka masizi na mafuta, unagandamiza karatasi. Kule alichapa maua ya vitambaa. Huku alichapa vituko vya mahakamani, hakimu anayesinzia, shahidi mwenye ndimi mbili, na watu sokoni wakavunjika mbavu.

Safari hii zamu ilikuwa ya Sumari, wakili pekee aliyejua Kijerumani. Huyo alikula mbuzi wa watu, kisha mbele ya hakimu hasemi kitu. Abdulrahim akamchonga na kitambi chake, uso hauna mdomo. Karatasi thelathini ziliisha kabla ya adhuhuri. Hata mkewe Naipanoi alicheka, ingawa kesho yake Sumari huyohuyo ndiye angemtetea kaka wa Naipanoi, Lemburis, aliyesingiziwa kuua mlinzi wa shamba. Akishindwa kesi, ni kitanzi.

Kesho ikafika. Bwana Shauri, yule hakimu wa Kijerumani, akamwita wakili. Sumari akasimama, akapapasa uso. Chini ya pua palikuwa na ngozi tupu.

Hakuna aliyecheka.

Bwana Shauri akatazama saa. Angengoja mpaka saa sita, kisha angehukumu, basi.

Naipanoi akamvuta mumewe pembeni.

"Baba Tunu," akanong'ona, "ule ubao uliukata wapi?"

"Kijenge, mtoni. Ule mti mkubwa."

"Oreteti? Pale wazee wetu wanaomba. Haukatwi hata tawi!"

Abdulrahim akakimbia nyumbani, akashika patasi. Ubao ulikuwa mkavu, wa miezi mitatu. Alipokata mstari wa mdomo, ukatoa utomvu mweupe. Wa moto. Aliogopa mno. Akaendelea kukata.

Kule bomani ngozi ya Sumari ikapasuka. Akasema. Sauti ilikuwa ya bibi kizee, kwa Kimaa, lugha ya wazee wa Naipanoi, asiyoijua yeye, na ikamtaja muuaji. Aliyetajwa akaanguka palepale, akaungama.

Naipanoi akarudi mbio. "Baba Tunu, wamemwachia!"

Mumewe alikuwa ameelekea ukutani. Akatikisa kichwa. Hakugeuka.

Hakula tena. Siku ya nane wakamzika. Mmoja wa waliomwosha alikiri uzeeni kwamba pale palipopaswa kuwa na mdomo alipitisha kidole juu ya ngozi tupu, akachomwa na kibanzi. Hakikutoka. Kila masika kilichipua jani moja, na kila alipolikata, alisikia mtu akivuta pumzi.