Kuandika si Kuchora

Mvua haikuwa imekatika tangu asubuhi. Chumba kilinuka rangi na nguo mbichi. Fundi wa mabango alisimama nyuma ya kiti cha binti yake wa darasa la kwanza. Mtoto huyo alikuwa na alama nyeusi shavuni, basi kila mtu alimwita Kidoti.

"Chora ukingo wa huku kwanza," baba alisema. "Sasa wa huku. Haya, jaza katikati."

Hivyo ndivyo fundi alivyoandika majina ya maduka miaka yote, na mtaani hakuwa na mpinzani. Akamfundisha mwanawe vivyo hivyo. Herufi ikipinda, aliifuta, na Kidoti akaanza upya. Karatasi ilikuwa imetoboka kwa kufutwa. Juu yake ilisimama m moja tu, nene na nzuri.

"Baba, kidole kinauma."

"Kaza tu, mwanangu. Mama anasubiri."

Mama alikuwa amelazwa hospitali. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, na zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya upasuaji. Juzi fundi alimpelekea karatasi ya salamu. Kidoti aliyasema maneno, baba akayaandika. Mama aliitazama mara moja, akamrudishia.

"Huu mwandiko ni wako," alinong'ona. Sauti ilikuwa imemwishia. "Mimi nataka wa mwanangu. Nikiingia kule ndani, niwe nimeuona."

Maneno hayo yalimkaa fundi rohoni. Alijua mkewe anaogopa. Yeye mwenyewe aliogopa zaidi, ila hakusema.

Kidoti akatupa penseli. "Siandiki! Mimi mjinga. Wenzangu wanamaliza ubao mzima, mimi bado neno la kwanza. Hata mwalimu wetu amesema."

"Amesema wewe mjinga?"

"Amesema nachelewa."

Mtoto akaangua kilio. Fundi akashika tama.

"Hodi humu!" Alikuwa jirani yao, mwalimu wa chekechea. "Nimekuja kuulizia hali ya mgonjwa. Ee, Kidoti, nani kakuliza?"

"M," Kidoti akajibu.

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akaitazama ile herufi. "Baba Kidoti, hili ni bango. Umemfundisha kuchora. Anayechora huizunguka herufi kwa nje. Anayeandika huipita mara moja na kwenda zake. Ndiyo maana mtoto hamalizi."

Fundi akakunja uso. "Lakini si nzuri?"

"Nzuri sana. Ila neno moja linamla asubuhi nzima. Na hebu itazame miguu yake."

Miguu ya Kidoti ilikuwa inaning'inia. Mwalimu akasukuma kopo tupu la rangi chini yake.

"Miguu ikanyage kitu, mgongo usimame. Sasa shika penseli kwa kidole gumba na cha shahada. Cha kati kikae chini yake. Usiinyonge, haijakukosea kitu!"

Kidoti akatabasamu kwa mbali.

Mwalimu akaomba sinia, akamwaga unga kidogo. "Tuanze kwa kidole. M huanzia juu. Shuka, panda, pinda, shuka. Panda tena, pinda, shuka. Usinyanyue kidole mpaka iishe."

Kidoti akaandika. Akatikisa sinia, m ikapotea, akaandika nyingine.

"Na a?"

"Anza kama unaandika c. Funga duara, kisha shuka."

Mtoto alikuwa bado anataka kuendelea, lakini mwalimu akaondoa sinia. "Leo inatosha. Muda mfupi kila siku, baba. Akichoka, acheni. Na usimfutie. Mwulize yeye ipi imempendeza."

"Na zilizopinda?"

"Ziache. Mkono ukizoea, zitanyooka."

Lo, haikuwa rahisi kwa fundi! Kila jioni mkono ulimwasha kushika ufutio. Mwishowe aliuficha, maana alijijua. Kidoti akatoka kwenye unga, akaja kwenye karatasi ya mistari mipana. Siku nyingine alinuna, hakuandika kitu, wakaacha. Siku nyingine aliandika "ama" badala ya "mama", akajicheka mwenyewe.

Siku ya kuamkia upasuaji, fundi alipeleka karatasi wodini. Ilisema: mama pona uje. Herufi nyingine zilielea juu ya mstari, na j ilikuwa imeanguka kabisa. Mama aliisoma kwa kunong'ona, huku kidole kikifuata kila herufi. Akalia. Fundi naye akalia, mchana kweupe, mbele ya wagonjwa wote, wala hakuona haya. Kisha mama akaomba penseli.

Fundi alirudi nyumbani na mvua, karatasi ikiwa chini ya shati. Mwandiko wa mama ulitetemeka, lakini Kidoti aliusoma mwenyewe, polepole: nataka kuja.

"Anataka kuja, baba!"

"Anataka sana."

"Atakuja lini?"

"Sijui, mwanangu. Kesho madaktari watamshughulikia. Tunaomba tu."

Kidoti akavuta kiti mezani, akashika penseli.

"Unataka nikusaidie?" baba aliuliza.

"Nyamaza kidogo, baba," alisema, bila kuinua uso. "Namjibu mama."