Plagi ya Taa na Pedali ya Mjomba Kaltak

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Leiwia alipanda juu ya kreti na kufuta paneli ya sola kwa kitambaa kibichi. Volkano ya kisiwa jirani haikuchoka kutema majivu, na paneli yenye majivu haijazi betri. Kazi hiyo aliijua barabara, na kwa kuwa aliijua, alijiona fundi wa umeme. Hapo ndipo matata yalipoanzia.

Mjomba wake, Kaltak, aliongoza bendi ya kijiji chao kisiwani Tongoa. Walikuwa na yukulele kadhaa, yaani vigitaa vya nyuzi nne, besi ya sanduku la mbao, na gitaa moja kuukuu lililoachwa na marehemu babu yake Leiwia. Mwaka uliopita, kwenye mashindano ya Siku ya Uhuru, yukulele na besi zilimeza sauti yote ya gitaa. Watu wa kijiji cha pili walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Jamani, yule anapiga gitaa au anajikuna tumbo?" waliulizana.

Mjomba hakuisahau siku hiyo. Alipokwenda mjini Vila alirudi na pedali, yaani kisanduku cha chuma cha kuweka chini karibu na mguu. Sauti ya gitaa ilipita humo kwanza, ikapata nguvu, ndipo ikaenda kwenye spika ya bendi.

"Mbona umeleta hii ya kijivu?" binamu yake Leiwia, Toara, alilalamika. "Hazikuwepo nyekundu?"

"Zilikuwepo. Zile ni za kukwaruza sauti ya gitaa la umeme. Mimi nataka gitaa la baba lisikike vilevile lilivyo, ila kwa nguvu. Na hii haili umeme mwingi. Betri moja ya mraba inaitosha."

Lakini betri hiyo iliisha upesi, kwa kuwa Toara aliacha waya wa gitaa umechomekwa kwenye pedali usiku kucha. Duka la kijiji halikuwa na nyingine.

"Tutasubiri meli," Mjomba alisema. "Na mtu asiiguse pedali yangu. Toara, umesikia?"

"Mimi tena!" Toara alinung'unika.

Ijumaa watu wazima walikuwa shambani. Leiwia aliitazama pedali, kisha akaitazama taa ya sola iliyoning'inia ukutani. Plagi ya taa ililingana kabisa na tundu la ubavuni mwa pedali. Betri ya nini, na umeme umejaa nyumbani? Akaichomoa plagi kwenye taa, akaichomeka kwenye pedali. Iliingia bila shida.

Hakuna kilichowaka. Badala yake alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Alichomoa mbio, akaipangusa pedali na kuirudisha rafuni. Usiku huo hakula hata nusu ya laplap yake, viazi vikuu vilivyookwa kwa tui.

Kesho yake meli ilileta betri. Mjomba aliweka moja mpya, bendi ikakusanyika, akapiga nyuzi. Kimya. Akabadilisha waya. Kimya.

"Labda gitaa linaona haya," Toara alisema, lakini hakuna aliyecheka. Mashindano yalikuwa wiki iliyofuata.

"Pedali ni mpya, betri ni mpya. Basi ubovu uko ndani ya gitaa," Mjomba alisema. "Kinasa sauti, kile kinachopeleka mlio kwenye waya, kimefichwa chini ya daraja, hiki kibao kinachoshika nyuzi. Itabidi nilibandue."

Alilegeza nyuzi, akachukua kisu chembamba. Daraja lile babu alilibandika kwa mikono yake mwenyewe, na ubao wa gitaa ulikuwa mkavu kwa uzee. Ukipasuka, basi. Ncha ya kisu ilipogusa gundi, Leiwia hakuweza tena kuvumilia.

"Mjomba, acha! Gitaa ni zima. Ni mimi. Niliichomeka pedali kwenye plagi ya taa."

Mjomba alikiweka kisu chini polepole. "Wewe? Nami tangu asubuhi namshuku Toara."

"Mnaona, si mimi!" Toara alipaza sauti.

Waliipeleka pedali kwa shangazi yake Leiwia, Votausi, aliyetunza sola ya zahanati. Aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa.

"Tazama mchoro huu kando ya tundu, mwanangu. Pedali inataka hasi katikati, na plagi ya taa ina chanya katikati. Tena taa inapewa volti kumi na mbili, hii inataka tisa. Plagi kuingia si kusema umeme unafaa. Uliusoma mchoro?"

"Sikuusoma, Shangazi."

Votausi alimwonyesha kidude cheusi kilichoungua. Kazi yake, alisema, ni kuzuia umeme unaokuja kinyume. Kilikuwa kimeungua hicho peke yake, vingine vyote vikapona. Alitoa kingine kwenye redio mbovu, akakichomelea huku Leiwia akimshikia tochi. Betri iliporudishwa, gitaa lilitoa sauti safi, na Leiwia akalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Siku ya mashindano walishika nafasi ya pili. Waliocheka mwaka uliopita walicheza mpaka vumbi likatimka, na gitaa lilisikika hadi ufukweni. Walipokuwa wakifungasha vyombo, Mjomba alimkabidhi Leiwia pedali.

"Utaitunza wewe."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Wewe hasa. Plagi yako iliunguza kidude kidogo kama punje ya mchele, na shangazi yako amekibadilisha. Ungenyamaza kidogo tu, ningepasua gitaa la babu yako. Hilo nani angelibadilisha? Ukiharibu kitu, sema mapema, hasara ingali ndogo."

"Ndiyo, Mjomba."

Leiwia aliuchomoa waya wa gitaa ili betri isiishe, akaizungushia pedali kitenge chake, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani.