Doa Chini ya Jicho

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alimpitia mama yake kazini, kwenye jumba la sanaa za kisasa. Mama alikuwa mlinzi wa chumba cha tatu. Jina la Chiriku alilipata kwa mdomo wake, maana hata kuta alizisemesha. Wiki ile, lakini, alinyamaza ji.

Mle chumbani ilikuwa imeletwa picha mpya: uso mkubwa wa bibi kizee, umechorwa kwa mkaa, hauna kioo mbele. Kwa Chiriku, yule alikuwa bibi yake mtupu, waliyemzika majuzi. Mama alipogeuka kuwaelekeza wageni, mtoto akampapasa shavu. Kumbe mikono ina mafuta! Likabaki doa refu chini ya jicho, kama chozi.

Basi jicho lile likamwandama. Akifumba macho, linamtazama. Akiingia darasani, lipo ubaoni. Aliogopa, na alijionea aibu.

Mkuu wa jumba alipoliona doa alimwita mama, akamwambia kuwa asiyeweza kulinda picha moja aende akatafute kazi nyingine. Mama akaapa hakuona mtu. Jioni ile hakugusa chakula, na Chiriku alikaa mbele yake, mikono ameificha mgongoni.

Kesho yake akaja fundi wa kutengeneza picha, mkuu akimsimamia. Alidhani ukuta umevuja, akachovya pamba kwenye maji. Chiriku, aliyesimama mlangoni, akaliona lile jicho limemkodolea kuliko siku zote. Akashindwa kuvumilia.

"Fundi, ni mimi. Nilimgusa. Nilikuwa nimejipaka mafuta."

Mkuu akakunja uso. Fundi akaiweka pamba chini taratibu. Akawaeleza kwamba maji yakikutana na mafuta yangeharibu mkaa wote, na doa lenyewe lisingetoka. Mafuta yana dawa yake. Akafungua chupa nyingine, na polepole doa likafifia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Ungenyamaza, ningeiua picha hii kwa mkono wangu."

Mkuu alimwachia mama kazi yake, ila Chiriku akapigwa marufuku kuingia chumba cha tatu mpaka picha ile iondolewe.

Njiani mama hakumgombeza. "Kosa likisemwa hupata dawa, mwanangu. Likifichwa huwaumiza na wasiohusika," alisema. Kisha akamshika mkono. "Mimi nakaa naye siku nzima mle ndani. Unadhani sitamani kumgusa mama yangu?"